Uvimbe wa mguu unaojaa mtoto akisimama na kunywea akilala: tukubali afanyiwe upasuaji?

Ndugu washauri, salaam.

Binti yangu ana miaka 8, kilo 24, yuko darasa la tatu. Alipozaliwa tuliona doa kama wino uliofifia kwenye shavu la mguu wa kushoto. Kliniki wakatuambia ni hemangioma, itajifuta yenyewe akifika miaka mitano. Tukasubiri. Mitano ikapita, sita ikapita, doa likageuka uvimbe laini ambao sasa unajaa kiganja changu. Akishinda amesimama, jioni umetuna. Akiamka asubuhi umenywea, lakini hapo ndipo anapolalamika zaidi kwamba mguu unauma. Ndani yake kuna vitu vigumu kama punje za kunde. Kimoja nikikigusa analia.

Mwaka huu tumepewa rufaa. Ultrasaundi imeandikwa "hemangioma ya misuli". Kwenye damu, kipimo cha D-dimer kiko karibu mara nne ya kiwango cha juu. Daktari wa upasuaji amesema amkate mwezi ujao na kinyama kipelekwe maabara kuangalia saratani. Daktari mwingine, kijana, aliniambia pembeni nisikubali kabla ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ila hakunieleza kwa nini. Nyumbani nako, bibi yake anamkanda kila usiku kwa maji ya moto na mafuta ya nazi ili damu iliyoganda iyeyuke.

Je, ni saratani? Hiyo D-dimer maana yake nini? Tukubali akatwe? Na je, kuna kosa nililofanya nikiwa mjamzito?

Mama Z., Korogwe

*

Mama Z., pole sana kwa kuzungushwa miaka minane. Tuanze na linalokunyima usingizi: uvimbe ulioueleza haufanani na saratani. Wala haufanani na hemangioma. Unafanana mno na kasoro ya veni ya kuzaliwa nayo, yaani kifundo cha veni (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizoumbika vibaya tangu mtoto yuko tumboni. Atakayethibitisha ni daktari mwenye mtoto mbele yake na picha mkononi, lakini dalili ulizoandika zinaelekea huko zote: kujaa na kunywea, maumivu ya asubuhi, zile punje, na hata hiyo D-dimer.

Neno hemangioma ndilo limewapoteza. Linatumika hospitalini kama neno malaria lilivyotumika kabla ya vipimo vya haraka, kila homa malaria. Mwaka 1982, John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston, Marekani, waliwagawa watoto wenye madoa na vimbe za mishipa katika makundi mawili. Kuna wale ambao chembe za mishipa zinazaliana kupita kiasi, na hao ndio wenye hemangioma. Kuna wale ambao hakuna kinachozaliana kupita kiasi. Ni mishipa tu imejengwa vibaya. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa haya, ISSVA, kiliupokea mgawanyo huo mwaka 1996, na ndio msingi unaotumika hadi leo.

Hemangioma ya utotoni ina ratiba yake. Hujitokeza wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, hukua kwa kasi miezi mitatu hadi mitano ya mwanzo, kisha huanza kunywea, na nyingi zimeshamaliza kunywea mtoto akifika miaka minne. Inayosumbua hutibiwa kwa propranololi, dawa ya moyo ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza mwaka 2008 kwamba inainyausha. Kasoro ya mishipa haina ratiba hiyo. Mtoto huzaliwa nayo hata kama haijaonekana, hukua kadiri anavyokua yeye, huongeza kasi wakati wa balehe au baada ya kugongwa, na haijifuti. Kwa hiyo uvimbe unaozidi kukua mtoto akiwa na miaka sita si hemangioma ya utotoni, na kusubiri au propranololi havitausaidia. Hiyo "hemangioma ya misuli" ya kwenye karatasi mara nyingi ni kasoro ya veni iliyobaki na jina la zamani.

Kasoro zenyewe hutofautiana kwa aina ya mshipa. Za kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni madoa bapa. Za limfu ni vifuko vya majimaji, na huvimba ghafla mtoto akipata mafua. Za veni zina damu inayotembea polepole. Halafu kuna za ateri zilizoungana moja kwa moja na veni, ambamo damu hupita kwa kasi bila kupitia kapilari. Swali la kwanza la kila daktari liwe hili: damu humu inakwenda polepole au inakwenda kasi? Jibu lake ndilo linaloamua kipimo, dawa, na kama kisu kiguse au kisiguse.

Sehemu kubwa ya jibu mnaweza kuipata nyumbani jioni moja, kabla bibi hajaanza kukanda, maana maji ya moto yatawadanganya. Mlaze chali, mguu juu ya mito hadi uwe juu kuliko kifua, dakika 2. Uvimbe wa veni hunywea na ngozi hulegea. Kisha asimame wima dakika 5 bila kutembea. Kutotembea ni muhimu, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ikifanya kazi husukuma damu kwenda juu na uvimbe hautajaa sawasawa. Chukua futi ya fundi cherehani, upime mzunguko wa miguu yote miwili sentimita 10 chini ya pia ya goti, akiwa amelala na akiwa amesimama. Andika namba zote nne na tarehe. Piga picha mikao yote miwili kwenye mwanga wa kutosha, rula ikiwa kando ya uvimbe. Rangi msiitegemee sana: kwenye ngozi yetu nyeusi bluu ya veni huonekana kijivu tu, au haionekani kabisa. Vidole vinasema kweli zaidi.

Sasa weka mgongo wa kiganja chako juu ya uvimbe, kisha mahali hapohapo kwenye mguu mwingine. Joto ni sawa? Weka ncha za vidole kwa wepesi. Je, kuna mapigo, au mtetemo kama wa simu iliyozimwa sauti? Kasoro ya veni haina joto wala mapigo. Mkihisi mapigo, mambo yanageuka kabisa: huenda ni ya ateri na veni, na hiyo isikandwe, isichomwe sindano, wala isifungwe mshipa unaoiletea damu. Ukifungwa, mwili hufungua njia nyingine ndogondogo nyingi, na ile njia ambayo mtaalamu angepitisha mpira mwembamba ili kuiziba kwa ndani inakuwa imepotea.

Zile punje za kunde ni damu iliyotuama, ikaganda, ikaota chokaa. Karibu hakuna uvimbe mwingine laini wa mtoto unaozitengeneza, ndiyo maana eksirei ya kawaida ya mguu, kipimo cha bei ndogo kuliko vyote, inaweza kutoa ushahidi mzuri sana: huonekana kama viduara vyeupe, baadhi vikiwa na pete ndani. Uliza kama ilipigwa. Punje mpya huuma siku kadhaa kisha hutulia. Asubuhi maumivu huzidi kwa sababu usiku kucha misuli imelala na damu imetuama.

Jambo moja zaidi la kuangalia, na hili hata hospitalini husahaulika. Mwambie achuchumae kama yuko chooni, visigino vyote viwili vikiwa chini. Kisigino cha kushoto kikikataa kugusa sakafu, au akianza kutembelea vidole, mwambie daktari waziwazi. Mwaka 2014 madaktari wa Boston walieleza ugonjwa wa jirani unaoitwa FAVA, ambamo sehemu ya msuli, mara nyingi wa shavu la mguu, inageuka mafuta na makovu yaliyochanganyika na veni mbovu. Huuma kuliko ukubwa wake, huvuta kisigino juu, na dawa ya sindano peke yake haiumudu vizuri. Hapo upasuaji uliopangwa vizuri, au kuugandisha uvimbe kwa sindano ya baridi kali, huwa na nafasi kubwa zaidi.

Kuhusu ultrasaundi, tungeomba irudiwe, kwa sababu majibu yake hutegemea mno jinsi ilivyofanywa. Mtoto akilazwa na kichwa cha mashine kikakandamizwa, veni hulala kama mpira uliokanyagwa na picha inaonyesha nyama tu. Fomu iombe Dopla ya rangi, yaani ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea, kwa kichwa cha picha za karibu na ngozi, jeli nyingi na mkono mwepesi, mtoto akiwa amelala kisha amesimama. Kiwango cha kasi kwenye mashine kishushwe hadi chini, kwa sababu damu humu hutembea taratibu kiasi kwamba mpangilio wa kawaida huandika "hakuna mtiririko". Mpimaji abonyeze uvimbe na kuuachia huku akitazama: damu ikirudi, rangi hujaa. Na kuna swali lisilopaswa kukosa: veni kubwa za ndani ya mguu zipo na zinapitika? Wapo watu wenye kasoro hizi ambao veni za ndani ni nyembamba au hazipo, na zile mbovu za juu ndizo zinazorudisha damu moyoni. Ukiziondoa, mguu mzima unavimba.

D-dimer ni mabaki ya damu iliyoganda kisha mwili ukaimeng'enya. Ndani ya kasoro ya veni kazi hiyo inafanyika kila siku, hivyo kipimo hupanda kwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10, na hubaki juu miaka na miaka. Kasoro ya limfu peke yake kwa kawaida haikipandishi. Kwa binti yako, basi, namba hiyo ni kidole kingine kinachoonyesha veni. Si ushahidi wa saratani. Ina uzito kwa sababu nyingine: kama mwili unatumia vigandishi vyake kila siku humo ndani, siku ya upasuaji vinaweza kupungua na damu ikagoma kuacha kutoka. Kwa hiyo D-dimer ikiwa juu hivyo, vipimwe pia faibrinojeni (mojawapo ya vigandishi hivyo), chembe sahani na muda wa damu kuganda. Faibrinojeni ikiwa chini, mtoto huchomwa sindano za heparini ya kundi la inoksaparini, dawa inayozuia damu isigande ovyo humo ndani na kumaliza vigandishi, siku kadhaa kabla ya kushikwa na siku kadhaa baada yake. Waulize wanaotaka kumkata kama faibrinojeni yake wanaijua. Hatutaki kumsema daktari tusiyemjua, lakini swali hilo ni haki yako.

Daktari kijana alikuwa sahihi kuhusu MRI. Ultrasaundi inaonyesha ni nini. MRI inaonyesha kimeenea hadi wapi, na hilo ndilo linalohitajika kabla ya kisu. Uvimbe tunaouona juu ya ngozi unaweza kuwa robo tu ya uliomo ndani ya misuli. Fomu iombe picha za T2 zilizozimwa mafuta (aina ya picha za MRI ambamo majimaji hung'aa), picha kabla na baada ya dawa ya gadoliniamu, na goti liingie kwenye picha. Veni zikiwa zimeingia ndani ya goti huvujia damu kwenye kiungo na kula gegedu kimyakimya. Hilo hubadilisha uharaka wa matibabu. Kasoro ya veni hung'aa kwenye T2 na hujaa dawa polepole. Ya limfu hung'aa pia, lakini dawa hubaki kwenye kingo za vifuko. Ya ateri huonekana mashimo meusi, kwa sababu damu inapita kasi kuliko picha. Kipimo huchukua takriban dakika 30 hadi 45 na kina makelele. Mtoto wa miaka 8 aliyefanyishwa mazoezi ya kutulia nyumbani huweza bila dawa ya usingizi. Hereni, bangili na mabanio ya nywele viachwe nyumbani.

Kukata kinyama kabla ya hapo hatukushauri. Kasoro yenyewe haigeuki saratani, na kuikata nusunusu huleta damu nyingi, kovu, na jibu la maabara lisilosaidia. Sampuli huchukuliwa uvimbe ukiwa mgumu, haubonyezeki, unakua kwa wiki na si kwa miaka, umeng'ang'ania nyama za jirani, au MRI ikionyesha kitu kisichoeleweka. Na huchukuliwa baada ya picha, sehemu iliyopangwa na timu itakayomtibu.

Je, upasuaji haufai kamwe? Unafaa ikiwa kasoro ni ndogo, ina mipaka, na inaweza kutoka yote bila kuharibu neva na misuli. Iliyoenea ikikatwa juujuu hurudi, mara nyingi ikiwa na maumivu zaidi.

Matibabu ya kuanza nayo ni soksi ya kubana, yenye nguvu ya kubana ya milimita 20 hadi 30 za zebaki (mmHg), au 15 hadi 20 kama mtoto haivumilii. Ipimwe mguuni mwake, isinunuliwe kwa kubahatisha. Avae asubuhi kabla hajashuka kitandani, avue usiku. Mtoto anakua na mpira unalegea, hivyo tegemea kuibadilisha karibu kila miezi sita. Vidole vikifa ganzi au kupoa, ivuliwe. Haifai kuidharau: kwa watoto wengi soksi peke yake hupunguza zile asubuhi mbaya. Siku ya maumivu ya punje, kwa kilo 24, ibuprofeni kidonge kimoja cha 200 mg baada ya chakula, si zaidi ya mara 3 kwa siku, kwa siku chache, baada ya daktari kuridhia kulingana na vipimo vyake vya damu; isitumike siku za karibu na upasuaji. Aspirini usimpe kwa uamuzi wako.

Soksi isipotosha, kuna dawa ya kukausha veni. Daktari wa radiolojia ya tiba huingiza sindano kwenye kasoro akiongozwa na ultrasaundi, mtoto akiwa amelazwa usingizi, na kuweka dawa kama sodiamu tetradesili, polidokanoli, bleomisini au alkoholi kali. Hufanyika kwa awamu, wiki kadhaa kati ya moja na nyingine. Mguu huvimba zaidi wiki moja au mbili kabla ya kupungua, na mkojo wa siku ya kwanza unaweza kuwa kama chai ya rangi. Hapo anahitaji maji ya mishipani mpaka usafike. Alkoholi ina nguvu kuliko zote na ndiyo inayounguza ngozi na neva zaidi. Lengo ni mtoto acheze bila maumivu. Mguu kuwa sawa kabisa na mwenzake ni matumaini ambayo hatutakupa. Iliyoenea sana huongezewa vidonge vya sirolimasi, ambavyo vinahitaji kupimwa damu mara kwa mara. Huduma hii ya sindano ipo Muhimbili, Dar es Salaam, kwa hiyo rufaa ikiandikwa itaje "radiolojia ya tiba" pamoja na upasuaji.

Bibi aambiwe kwa heshima kwamba chokaa haiyeyuki kwa kukandwa, na kusugua kwa nguvu kunaumiza veni zenye kuta nyembamba. Kama anataka kumsaidia mjukuu wake, amshike mguu juu ya mto jioni na kumsimulia hadithi nusu saa. Hiyo ni tiba kweli.

Na wewe hukukosea. Karibu nusu ya kasoro za veni zilizopimwa zimekutwa na badiliko kwenye jeni ya TEK, linalotokea katika chembe chache za kiungo kimoja wakati mtoto anaumbika. Halikutoka kwenye chakula, wala kazi, wala jicho la mtu. Ukoo wenye kurithishana ni nadra, na huonekana kwa vivimbe vidogo vingi vya bluu kwa watu kadhaa wa familia. Mkaguane tu, basi.

Shuleni acheze. Kuogelea, kutembea na kuruka kamba ni sawa. Mpira wa miguu avae kinga ya ugoko, na aketi nje siku ya maumivu. Mwalimu ajue kwamba akichubuka uvimbe ukatoa damu, mtoto alazwe, mguu uinuliwe, na kitambaa safi kibanwe hapo dakika 10 bila kuchungulia. Mguu mzima ukivimba ghafla, au akapata homa huku uvimbe ukiwa mwekundu na wa moto, au akabanwa na kifua, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa daktari wa upasuaji usiende na ugomvi. Mpe zile namba nne na picha, kisha useme: "Daktari, uvimbe unanywea akilala na una vijiwe. Naomba kujua kama ni kasoro ya veni, faibrinojeni yake ni ngapi, na veni za ndani zinapitika. Naomba MRI kabla ya upasuaji." MRI ikishapigwa, omba picha zenyewe kwenye CD, si karatasi ya majibu pekee, atakayemtibu Dar es Salaam atataka kuzitazama kwa macho yake.